Spika Nne za Landrova ya Mulei

Landrova ya mwanangu inaongea! Inaongea kwa spika nne, sauti kubwa kama ya mhubiri wa mkutano wa nje, na aliyeifanya iongee ni Mulei, mtoto wa tumbo langu hili, si fundi wa Nairobi. Haya, nimeshasema. Sasa naweza kusalimu. Daftari, hujambo. Leo ni Jumatatu, tarehe 2 Oktoba 1989. Mvua: hakuna.

Daftari hili nimepewa na mradi wa maji na mifugo wa kanisa, hapa nje kidogo ya Mwingi, niandike mvua. Kila asubuhi saa tatu napima maji ya mkebe uliofukiwa uani, naandika ni milimita ngapi. Walitafuta mama anayejua kusoma wakanipata mimi, Kavata, darasa la sita, na mwandiko wangu wauone wenyewe. Bwana Evanson, mkubwa wa mradi, aliniambia niandike mvua na mambo mengine ya hapa kwetu. Mambo mengine ninayo tele.

Mulei ni dereva wa mradi. Ndani ya gari kuna redio ya upepo, ile ya kubonyeza maiki ukaongea na stesheni. Lakini spika yake ni ndogo kama kisahani, na injini ikinguruma na mawe yakigonga chini, husikii kitu. Basi Mulei aling'oa spika nne kwenye basi lililopinduka, mbili akazitia milangoni, mbili nyuma, halafu akaunganisha redio ya upepo na kaseti ya gari. Leo alilileta gari mpaka hapa uani. Nikapanda mbele, nikakaa kama mke wa waziri.

"Gari la pili, hapa ni stesheni. Mko wapi?"

Wee! Kuku walitawanyika, mbuzi akakata kamba. Jirani yangu Mutindi akatoka mbio na mwiko mkononi.

"Mama Mulei, nani anagombana kwako?"

"Hakuna anayegombana. Gari la mwanangu linaulizwa hali."

Sauti yenyewe ni ya Syombua, msichana wa Zombe anayekaa kwenye redio pale stesheni. Anaongea Kiswahili cha puani kama anasoma taarifa ya habari, na miguu yake ni myembamba hata soksi hazikai. Mulei anacheka sana akimjibu. Nimeona. Sijasema kitu.

4 Oktoba. Mvua: hakuna. Nimepanda mahindi na ndengu kwenye vumbi. Wengine wanangoja mvua ndipo wapande. Shauri yao.

7 Oktoba. Mvua: hakuna. Mulei alinipeleka sokoni, na njiani akaweka kaseti ya kwaya yetu. Mimi ndiye ninayeanzisha, na kwa zile spika unaweza kufikiri niko mbinguni tayari. Sasa sauti yangu ilipofika pale pa juu, redio ya upepo ikaanza shhhhh, shhhhh, kama mtu anakaanga samaki ndani ya wimbo.

"Mulei, hiyo mikwaruzo ni ya nini?"

"Ni hewa tu, mwaitu." Mwaitu ni mama kwa Kikamba, na yeye hilo neno hulitamka kwa upole mpaka nasahau nilikuwa nagomba. "Redio lazima ikae wazi. Sijui watu wa stesheni wataongea saa ngapi."

"Basi ifunge mdomo. Mtu akiongea ndipo ifunguke."

"Si kazi rahisi hiyo."

"Kwa mtoto wa Mutindi si rahisi. Kwa mtoto wangu?"

Alinyamaza. Akinyamaza hivyo najua ameanza kuifanya kichwani.

11 Oktoba. Mvua: hakuna, ila mawingu. Amemaliza! Ametengeneza kisanduku, kidogo kama cha kiberiti mara mbili. Kwaya inaimba, redio kimya. Mtu akiongea stesheni, kisanduku kinasikia sauti, kinanyamazisha kwaya, kinafungua redio. Akinyamaza, kwaya inarudi. Bwana Evanson amempa mkono mbele ya wafanyakazi wote na kusema atamwandikia barua aende kusomea redio kabisa kabisa. Nimemwambia kila mtu. Nimemwambia hata mwenye posho mill, ile mashine ya kusaga unga.

Kuna kasoro kidogo ya kuchekesha. Kisanduku kinachelewa kuamka, kwa hiyo kinakata kichwa cha neno la kwanza. Syombua akiita "Mulei," kwenye gari inatoka "lei." Akimwita Ndululu, mchanjaji wa ng'ombe anayetembea na Mulei, inatoka "lulu." Ndululu alicheka mpaka akashika mbavu.

"Miaka kumi na mbili nimeoa," akasema, "na mke wangu hajaniita lulu hata siku moja. Mulei, ndugu yangu, usikitengeneze."

Hakukitengeneza.

14 Oktoba. Mvua: 22! Imeingia kwa kishindo, imeng'oa bati la jikoni kwa Mutindi. Kwangu halikutikisika. Ndengu zangu zimekunywa zikiwa tayari ardhini.

17 Oktoba. Mvua: 9. Wezi wa ng'ombe wenye bunduki wameingia kwa mzee mmoja upande wa mashariki. Wamechukua ng'ombe sitini. Mchungaji wake, mtu mzima mwenye watoto, walimkata kwa panga mikono yote miwili kwa sababu aliushika mkia wa fahali asiuachilie. Mulei ndiye aliyembeba. Alikufa garini kabla ya kufika hospitali. Mulei alikuja hapa na ndoo, akaosha viti vya nyuma mara tatu, na maji bado yalikuwa yanatoka mekundu. Hakula.

Watu wanasema wezi wametoka huku, wengine wanasema kule. Mimi sijui. Nimeona damu waliyomwaga tu, na ile ilikuwa ya mtu wetu.

20 Oktoba. Mvua: 14. Mahindi yameota. Palizi.

26 Oktoba. Mvua: 30. Spika za mwanangu zimeokoa ng'ombe arobaini, na niandike kwa herufi kubwa nikitaka. Alikuwa amesimama mnadani, siku ya kuuza mifugo, watu wamejaa. Syombua akasema redioni, maneno marefu yaliyopangwa vizuri, kwamba polisi wameona nyayo za wezi upande wa juu, kila mtu aondoe mifugo yake apite njia ya chini. Soko zima lilisikia. Walipita chini. Wezi wakakuta mavi tu. Kwa hasira walichoma kibanda cha nyasi na kumpiga risasi punda.

Hata Syombua nilimsifu kidogo. Miguu si kitu.

3 Novemba. Mvua: 6. Viwavi kwenye mahindi. Nimewaponda kwa vidole mpaka kucha zikawa kijani.

8 Novemba. Mvua: 41. Mto wa mchanga, mkavu kiangazi chote, ulishuka na ng'ombe mzima, miguu juu.

16 Novemba. Mvua: sikupima. Mkebe ulijaa ukamwagika, sijui ni ngapi.

Nitaandika kama alivyosimulia Kilonzo, mchuuzi wa ng'ombe, kwa sababu Mulei hawezi kusimulia.

Juzi Jumanne walikuwa wameenda kuchanja mifugo ng'ambo ya mto wa mchanga. Saa kumi jioni wakageuza kurudi stesheni, Mulei kwenye usukani, Ndululu kando yake, na Kilonzo, ambaye walimpa lifti, nyuma kwenye masanduku ya dawa. Kwaya ilikuwa inaimba. Kuna kilima pale kinachokata redio, maneno yanafika vipande vipande. Halafu kwaya ikanyamaza, na sauti ya Syombua ikajaza gari.

"Ũka!"

Kimya.

"Ũka!"

Kimya.

"Ũka!"

Kwa Kikamba hiyo ni njoo. Kilonzo anasema msichana alikuwa analia kama mtu aliyekabwa koo. Mulei alimjibu kwenye maiki, hakupata jibu, ila ũka, ũka. Akasema, "Stesheni wameingiliwa. Wanatuita. Jishikilieni." Akakanyaga mafuta.

Wezi walikuwa wamelala kwenye kingo za mto, pale gari linapopunguza mwendo kuingia mchangani. Risasi ya kwanza ilivunja kioo. Ya pili ilimpata Ndululu shingoni, akamwangukia Mulei mapajani. Mulei aliendelea kuendesha hivyo, kichwa cha rafiki yake kikiwa miguuni pake, mpaka risasi ikamwingia shavuni ikatokea taya la upande wa pili. Ilitoka na meno na kipande cha ulimi. Gari likapanda ukingo likazima. Walimvuta Ndululu nje. Alikuwa bado anapumua, na mmoja wao akammaliza kwa kitako cha bunduki, kama mtu anayetwanga. Wakamvua viatu. Mulei walidhani amekufa. Kilonzo alikuwa chini ya turubai, amejiuma mkono asipige kelele.

Na wakati wote huo spika nne zilikuwa zinaita. Ũka. Ũka. Ũka. Mwizi mmoja alicheka, akaupiga mlango risasi, spika moja ikafa. Tatu zikaendelea kuita.

Kilonzo alisimulia haya hospitalini mbele ya watu wote, na mkono wake umevimba alipojiuma. Mwisho akauliza, "Aliyetuita njoo, njoo, mpaka kwenye bunduki, alikuwa anamwitia nani?"

Hakukuwa na haja ya kutaja jina.

17 Novemba. Mvua: 18.

Syombua alikuja hospitalini na chupa ya uji. Uji! Mulei amefungwa uso mzima, anakunywa kwa mrija, na huyu anakuja na uji.

"Wakya, mwaitu," akanisalimu, ile salamu ambayo mdogo humpa mkubwa, mimi nijibu "Aa."

Sikujibu. Nilivua kiatu. Nilimpiga usoni na kisigino, akainama, nikampiga kichwani na mgongoni. Chupa ikapasuka, uji ukachanganyika na damu ya pua yake sakafuni. Nikaishika hereni yake nikavuta mpaka ikatoka na nyama ya sikio.

"Nilisema syoka!" alikuwa analia. "Mwaitu, nilisema syoka!"

Syoka ni rudi. Rudini mlikotoka. Nilimwambia ni mwongo, mtu mzima amesikia kwa masikio yake, spika nne, na nikampiga tena kwa ajili ya huo uongo. Manesi ndio waliotutenganisha. Mama mmoja aliyekaa kwenye benchi alinipigia makofi.

Nilirudi nyumbani mkono unauma na moyo umetulia. Naandika ukweli. Ulikuwa umetulia.

22 Novemba. Mvua: 5. Tumemzika Ndululu. Mke wake alijirusha kwenye kaburi wakamtoa na udongo mdomoni. Baada ya sala kaka yake mkubwa, Musembi, na ndugu zake wanne hawakungoja chakula. Walienda na panga mpaka nyumba ya shangazi yake Syombua, anakokaa. Syombua alitorokea dirishani. Shangazi hakutoroka. Walimvunja mkono kwa ubapa wa panga, na alipoanguka mmoja akamkata vidole viwili, halafu wakachoma nyumba.

Nilikuwa pale msibani nakoroga githeri, mahindi na maharagwe ya majirani. Niliuona moshi. Niliendelea kukoroga.

25 Novemba. Mvua: 3. Wanasema yule msichana amefichwa kwa mchungaji wa kanisa. Ndengu zimetoa maua.

28 Novemba. Mvua: hakuna.

Leo mwandiko si ule, mtanisamehe.

Nilienda stesheni kuchukua koti la Mulei na kaseti yetu. Polisi wamelirudisha gari. Limesimama uani na matundu, nimehesabu kumi na saba, na kiti cha mbele kimekuwa cheusi. Bwana Evanson alikuwa anataka kujua kama redio bado ni nzima ampe dereva mwingine.

"Mama Mulei, pole sana. Hebu nikalie humo ndani uniambie kama nasikika. Leo sina mtu."

Nikaweka gazeti juu ya kile kiti, nikakaa. Yeye akaingia chumba cha redio ng'ambo ya uwanja, akaanza kuhesabu polepole, kama wanavyopima.

"Oja," likasema gari. Kimya. "Bili." Kimya. "Atu." Kimya. "Ne." Kimya. "Ano."

Nilitabasamu kwanza. Nilikumbuka Ndululu na lulu yake. Halafu tabasamu likaganda. Nilidhani kisanduku kinakata kichwa cha neno la kwanza tu. Sivyo. Mtu akinyamaza, kinalala. Akisema tena, kinachelewa tena kuamka. Ukisema maneno marefu unapoteza herufi mbili za mwanzo na hakuna anayejali. Ukisema neno moja, unyamaze, neno moja, unyamaze, kinakata kila moja.

Nilishuka. Nilikimbia, na mimi sikimbii.

"Bwana Evanson, nenda wewe ukae garini. Nipe maiki."

"Unajua kuitumia?"

"Nenda."

Alienda, nikamwona amefunga mlango. Nikabonyeza, nikasema neno moja kwa sauti. "Syoka!"

Nikanyamaza. Nikasema tena. "Syoka!"

Bwana Evanson akafungua mlango wa gari na kuja. Alivuka uwanja wote, akaingia, akasimama mbele yangu.

"Naam, mama. Umeniita?"

"Nimekuambia nini?"

"Si umesema ũka? Hata kwetu Murang'a ũka ni njoo. Nimekuja."

Nilikaa chini sakafuni. Syoka imekatwa kichwa, imebaki oka, na ũka yetu mdomoni ni hiyo hiyo oka. Nimemwambia mtu rudi, amekuja. Msichana alisema rudini. Kisanduku cha mwanangu kikasema njooni. Kilonzo hakudanganya, Syombua hakudanganya. Na hicho kisanduku niliagiza mimi, ili kwaya isikwaruzwe pale ninapopanda juu.

Bwana Evanson alipoelewa alitoa leso akajifuta shingo. Alifunga mlango.

"Mama Mulei. Yule msichana alinieleza kwamba polisi walimpa habari ya wezi mtoni, na kilima kilikata maneno yote marefu, ndipo akabaki na neno moja, na kwa hofu akalisema kwa Kikamba, ingawa sheria yangu ni Kiswahili. Mimi sikumwamini." Akapunguza sauti. "Lakini fikiria. Kile kisanduku nilikisifu mimi. Mulei ndiye aliyekitengeneza. Musembi akijua, unafikiri panga itaenda wapi? Redio ilipigwa risasi. Tuseme iliharibika. Basi."

Nilichukua koti. Kaseti niliiacha.

30 Novemba. Mvua: hakuna.

Nilimwambia Mulei yote, mdomo kwenye sikio lake. Wamempa kitabu cha kuandikia. Aliandika: *Kisanduku.* Kalamu ikakaa. Halafu: *Ni mimi.*

"Si wewe. Ni mimi niliyetaka."

*Ndululu alijua kinakata. Tulicheka.*

Akageukia ukuta. Nilikaa pale mchana kutwa nikitazama kisogo chake. Nilikuwa nimeshapanga maneno: tunyamaze, utapona, ile barua ya kusomea redio bado ipo, msichana atarudi kwao Zombe na watu watasahau. Maneno mazuri. Wakati wa kufukuza wageni ulipofika aligeuka, akaandika kwa herufi kubwa, karatasi ikatoboka:

*WAAMBIE. MIMI SINA MDOMO.*

1 Desemba. Mvua: 2. Sijamwambia mtu.

2 Desemba. Mvua: hakuna. Sijamwambia mtu. Wamerusha mawe kwa mchungaji na kuvunja madirisha. Mutindi ameniletea maziwa, akasema Musembi ameapa huyo msichana hataiona Krismasi. "Na afe," akasema Mutindi. Nilimshukuru kwa maziwa.

3 Desemba, Jumapili. Mvua: hakuna.

Baada ya ibada nilipitia nyuma ya nyumba ya mchungaji. Syombua alikuwa anachambua mchele. Sikio limeshonwa nyuzi nne, jicho bado jekundu. Hakunisalimu. Aliitazama miguu yangu.

"Leo umekuja na kiatu gani?"

Nilivua vyote viwili nikaviacha mlangoni. Nilimweleza. Hakulia. Aliendelea kutoa mawe kwenye mchele mpaka nikamaliza.

"Nilisema mara tisa," akasema. "Nilihesabu. Nilisema rudini mara tisa, na kila nikisema nilikuwa nafikiri, sasa amesikia, sasa anageuza." Akaweka ungo chini. "Siku ile ulinipiga ukiniita mwongo, nilianza kufikiri labda nilisema ũka kweli. Nimekaa humu karibu wiki mbili nikijiuliza kama ni mimi niliyewaua."

"Nisamehe, mwanangu."

"Mimi si mwanao. Shangazi yangu hana vidole viwili." Sauti yake haikupanda hata kidogo. "Unaniambia mimi kwa nini? Mimi najua nilichosema. Waambie wao."

"Nikiwaambia watakuja kwangu."

"Ndiyo. Kwa zamu."

Huyu ndiye niliyesema ana miguu myembamba. Nilimwuliza kama atakuja kuishika maiki mbele ya watu, aseme lile neno kama alivyosema siku ile.

"Nitakuja kama Musembi ataacha panga nyumbani."

"Hataiacha."

Alichukua tena ungo. "Basi nitakuja hivyo hivyo."

5 Desemba. Mvua: hakuna. Ndengu zinaanza kukauka, zingoje.

Nilienda kwa Musembi mwenyewe. Sikutaka asikie kwa mtu. Alikuwa ameketi kwenye jiwe la kunolea, na hakuacha kunoa nilipofika.

"Mama Mulei. Kijana anaendeleaje?"

"Anakunywa kwa mrija. Nimekuja kukualika. Uje stesheni na ndugu zako, mlisikie gari likiongea."

"Gari lilishaongea. Tukazika."

"Lilisema uongo, Musembi. Syombua alisema syoka."

Panga ikasimama juu ya jiwe. Alinitazama, na macho yake ni ya Ndululu kabisa, ni kucheka tu hakumo.

"Kama gari lilisema uongo," akasema polepole, "aliyelifundisha uongo ni nani?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema risasi, upepo, kilima. Bwana Evanson alinipa maneno yote hayo bure. "Njoo usikie," nikamwambia. "Jibu utalipata kwangu, si kwa mwingine. Na mwanangu humgusi kwenye kitanda cha hospitali. Ukiwa na neno na nyumba yetu, utalisema na mimi."

"Unajua unachoniambia, mama?"

"Najua. Mimi ndiye niliyemwambia afunge redio mdomo."

Alirudia kunoa. Nilipofika njiani bado nilisikia lile jiwe.

7 Desemba, Alhamisi. Mvua: hakuna.

Mutindi amejua. Amekuja kulia hapa kwangu, ati niende kwa dada yangu huko Kilungu mpaka mambo yapoe. Nilimwambia ndengu zitavunwa na nani. Aliondoka bila kuaga, na jioni nilimwona anahamisha mbuzi zake mbali na ua wangu.

Nimetembea siku mbili mlango kwa mlango, miguu imevimba. Chifu amekubali kuja na askari wawili, ingawa alisema askari wenyewe ni binamu za Ndululu. Kilonzo amekubali kukaa nyuma ya gari pale pale alipokuwa, asikie tena, aseme mbele ya watu kama ndiyo sauti ile. Mke wa Ndululu hakunijibu, alifunga mlango, halafu akaufungua kidogo akauliza ni saa ngapi. Mchungaji atamleta Syombua mwenyewe. Bwana Evanson ameniomba mara tatu niache, na mara ya tatu akasema gari litakuwa limewashwa na betri imejaa. Mulei ameandika atakuja, daktari atake asitake, na manesi wameniambia huyo kweli ni mtoto wangu.

Kisanduku hakijaguswa. Nimekataza mtu yeyote asikitengeneze. Nitakaa kiti cha mbele milango ikiwa wazi, na Syombua akimaliza kusema nitashuka, nitasimama katikati ya uwanja na kusema ni nani alikitaka na kwa nini. Sauti ninayo, sihitaji spika.

Siku nimewatajia wote ile ile moja, ili nisipate pa kurudi nyuma. Ni Jumamosi, tarehe 9 Desemba, saa nne asubuhi.